Nilikula kwa kamera, sasa binti yangu anataka kuisomea

BARUA

Kwako mshauri,

Pokea salamu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi. Mimi ni baba wa watoto watatu, na jambo linaloninyima usingizi linamhusu kifungua mimba wangu, msichana wa miaka 16. Amemaliza IGCSE, mitihani inayotangulia A-Level, katika shule moja ya kibinafsi hapa Nairobi inayofuata mtaala wa Cambridge, na sasa anatakiwa kuchagua masomo matatu ya A-Level, ile miaka miwili ya mwisho kabla ya chuo kikuu. Amechagua Biolojia, Kemia na Sanaa, na katika Sanaa anataka kujikita kwenye upigaji picha. Hilo la tatu ndilo limewasha moto nyumbani.

Ili unielewe, acha nikueleze mimi ni nani. Nilikuwa mpiga picha. Nilianza Uhuru Park, kamera shingoni na albamu ya vielelezo mkononi, nikiwaita wageni waliotoka mashambani wapige picha karibu na maboti. Krismasi na Idi ndizo zilikuwa mavuno yetu. Nikajinyima hadi nikafungua studio ndogo, ukuta mmoja umechorwa maporomoko ya maji na mwingine una pazia jekundu. Nilipiga harusi, ubatizo, mahafali, hata mazishi. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kila picha uliyoharibu ilikuwa pesa uliyotupa, kwa hiyo hukubonyeza kabla ya kufikiri. Za rangi nilizipeleka mjini kusafishwa. Za nyeusi na nyeupe nilizisafisha mwenyewe usiku, katika bafu niliyoziba dirisha lake kwa blanketi, taa nyekundu juu, dawa kwenye beseni, na mke wangu akigonga mlango akitaka kuoga.

Kisha zikaja kamera za dijitali, na baada yake simu. Wateja hawakuniaga, walipungua tu. Kampuni ya Kodak, watengenezaji wa mikanda ya picha, ilipoenda mahakamani Marekani kuomba ulinzi dhidi ya waliokuwa wakiidai, Januari 2012, mimi nilikuwa nimeshauza taa za studio ili nilipe kodi ya nyumba. Leo chumba kile kile ni duka la kudurufu karatasi, kujazia watu fomu za eCitizen, zile huduma za serikali mtandaoni, na kupiga picha za pasipoti. Hata hizo, kijana huja na picha aliyojipiga kwa simu, akaniambia nimbadilishie tu rangi ya nyuma iwe nyeupe nimtolee nakala nne. Nambadilishia.

Kwa hiyo mtoto wangu anaponiambia anataka kusomea picha, tumbo linanikata. Mimi najua njaa ya kazi hii inavyobisha hodi.

Lakini kuna jingine. Karo ya binti huyu hailipwi na mimi. Inalipwa na shemeji yangu, kakake mke wangu, ambaye ni muuguzi huko Uingereza. Wadogo zake binti huyu wako shule ya serikali hapa mtaani. Shemeji alipojitolea alisema mbele yetu sote kwamba anataka siku moja ukoo wetu utoe daktari. Hakuna mkataba tulioandikiana, ila neno tulilisikia. Anajua mpwa wake anaendelea na Biolojia na Kemia. Kuhusu somo la tatu, anachojua ni Hisabati, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tumezungumza mwaka jana.

Mke wangu anasema nitie sahihi fomu kimya kimya. "Biolojia iko, Kemia iko, kwani ataulizwa nini?" Halafu kesho yake ananigeukia na kusema ni mimi niliyemwambukiza mtoto, kwa kuwa tangu akiwa mdogo alichezea kamera yangu kuukuu kama wenzake wanavyochezea mwanasesere.

Wiki chache zilizopita alinionyesha picha aliyoipiga mtaa wa Pipeline, nyumbani kwa rafiki yake. Unazijua ghorofa za huko zilivyobanana. Katika picha kuna mvulana anayefanya hesabu mezani chini ya balbu. Kando yake dirisha limefunguliwa, na nje ya dirisha, umbali wa mkono tu, ni ukuta wa ghorofa ya jirani. Juu ukutani kuna saa, nayo inaonyesha saa sita na robo mchana. Hakutumia flashi. Aliuacha mwanga wa balbu uangukie daftari, uso wa mtoto ukabaki nusu gizani. Mimi miaka yangu yote ningemwambia mvulana yule aangalie kamera atabasamu. Nilimwambia binti yangu, "Umeiinamisha kidogo," nikatoka nje.

Mwalimu wa Sanaa anasema ana kipaji. Mwalimu wa Kemia naye anasema huko anafanya vizuri vilevile. Fomu inatakiwa kurudishwa kabla ya muhula wa Septemba. Jana binti yangu aliniuliza, "Baba, kwani wewe ulijuta?" Sikumjibu.

Naomba unisaidie. Nitie sahihi? Nimwambie shemeji, na huku ndiye aliyeshika karo? Nimkataze mtoto na anichukie? Na hii picha kweli ni somo, au ni shule kutafuta namna ya kukamua wazazi?

Baba Kamera,
Umoja, Nairobi

JIBU

Ndugu yangu Baba Kamera,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nimekwama pale ulipoitazama ile picha ya Pipeline, ukasema imeinama, ukatoka nje. Nitarudi hapo. Kwanza niseme nilivyokuelewa.

Una binti anayetaka somo fulani. Una shemeji anayelipia ndoto ambayo huenda si ya binti huyo. Halafu uko wewe mwenyewe, ambaye kamera ilikulisha kisha ikakuacha njiani. Kwa kuwa yote yamekujia na karatasi moja, unayaona kama jambo moja. Karatasi hiyo inauliza kuhusu la kwanza tu. Hayo mengine mawili hayataondoka hata binti akiandika Hisabati.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo lina jibu. Ni somo, na si jepesi. Katika mtaala wa Cambridge, upigaji picha unaingia ndani ya somo la Sanaa na Ubunifu, kama binti yako alivyokwambia. Mwaka wa kwanza, yaani AS, una sehemu mbili. Ya kwanza ni kazi anayoijenga mwanafunzi mwenyewe kwa miezi. Ya pili ni kazi ambayo mada yake inatoka kwa watahini. Anajiandaa, kisha anaikamilisha kwa saa 15 akiwa chini ya usimamizi. Mwaka wa pili kuna uchunguzi wake binafsi, unaobeba nusu ya alama zote za A-Level, na humo lazima aandike uchambuzi wa maneno kati ya 1,000 na 1,500. Huko Uingereza kwenyewe upigaji picha hufanywa hata kama somo linalojitegemea. Bodi ya mitihani ya AQA, kwa mfano, inatoa asilimia 60 kwa uchunguzi binafsi na asilimia 40 kwa kazi ya mada iliyotolewa. Shemeji yako anaishi miongoni mwa watu ambao watoto wao hufanya mtihani huo.

Lakini sikia kinachosahihishwa. Mtahini haishii kwenye ile picha moja nzuri iliyobandikwa mwishoni. Anataka kuona mtoto aliangalia nini, alijaribu nini, kipi kilimshinda, wapiga picha gani aliwachunguza na walimbadilisha vipi, na kwa nini aliacha njia hii akashika ile. Kurasa kwa kurasa za majaribio. Picha ya Pipeline pekee, hata ikimtoa machozi kila anayeiona, haimpi alama nyingi kama hakuna kazi nyuma yake inayoonyesha alivyoifikia. Wewe ulifundishwa kutoharibu picha hata moja kati ya 36. Yeye atatakiwa aharibu nyingi, azihifadhi, na aeleze kwa nini ziliharibika.

Hili nakwambia kwa sababu mbili. Ya kwanza, ili usilidharau somo. Ya pili, na hii yamhusu yeye zaidi, je, anajua ndivyo lilivyo? Wapo vijana wanaochukua somo hili kama pa kupumzikia kutoka kwa Kemia, wakashtuka katikati ya mwaka kuona ndilo linalowakesha. Biolojia na Kemia zina mitihani ya vitendo na mambo mengi ya kukariri, na kazi ya Sanaa haisubiri Kemia iishe. Kabla ya kujadili kipaji, muulize kama amewahi kuona kazi ya mwanafunzi aliyemaliza. Afadhali zaidi, nendeni shuleni pamoja muombe kuziona. Katika wazazi wote watakaoingia chumba hicho, nadhani wewe ndiye utakayejua unachokitazama. Uliza pia kama mwalimu amewahi kufikisha wanafunzi wa upigaji picha hadi mwisho wa A-Level, kama shule ina kamera na kompyuta au mzazi ndiye ananunua, na kuchapisha kazi za mwisho kunagharimu nani. Ukiona wanababaika hapo, wasiwasi wako kuhusu kukamuliwa utakuwa na msingi.

Sasa tuje kwenye njaa. Sitakudanganya kwamba umekosea kuiogopa. Ningeweza kukutajia Mohamed Amin, mzaliwa wa Eastleigh hapa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia nzima ikatoa msaada. Ningekutajia pia Priya Ramrakha, kijana wa Nairobi aliyepigia majarida makubwa ya Marekani. Lakini Ramrakha aliuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968, na Amin alipoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991, kisha akafa mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka karibu na Komoro. Watu wa namna hiyo hawatumiwi kumshawishi mzazi wa Umoja atie sahihi, na mimi sitawatumia. Wengi wanaoishi kwa kamera Nairobi wanaishi kwa harusi, kwa video, kwa kupigia wafanyabiashara picha za viatu na vitenge vya kuuza mtandaoni. Na sasa imeingia akili unde (AI), inayoweza kutengeneza picha ya kiatu hicho bila kamera kuguswa. Aliyewahi kuona wateja wakipungua bila kuaga ana haki ya kukunja uso.

Hata hivyo, ngoja nikuulize. Pale Uhuru Park, wewe ulikuwa unauza nini hasa? Naona ulikuwa unauza karatasi. Mgeni kutoka kijijini hakuwa na njia nyingine ya kurudi nyumbani na uso wake mkononi. Simu ilipompa njia hiyo, karatasi ikakosa mnunuzi. Binti yako hakuonyesha karatasi. Alikuonyesha kwamba aliona saa ukutani, akaona balbu inayowaka mchana, akaona ukuta nje ya dirisha, akavikusanya vyote katika fremu moja bila kuandika neno. Kama jicho hilo lina soko, sijui. Huenda litamlisha, huenda lisimlishe. Ila si biashara ile ile iliyokufa mikononi mwako, na nadhani ulilijua hilo kabla yangu. Ndiyo maana ulitoka nje.

Na kuna kitu nimekitafuta katika barua yako nikakikosa. Ni wapi binti yako amesema anataka kuwa mpiga picha? Ameandika Biolojia. Ameandika Kemia. Anataka picha liwe somo la tatu. Wewe umesikia kazi ya maisha, shemeji anasikia daktari, mwalimu anasikia kipaji. Pengine yeye bado hajaamua, na katika miaka 16 hilo si kosa. Vilevile sijaona mahali alipoulizwa kama anautaka udaktari. Anaweza kuwa anautaka sana. Muulizeni, na mmpe nafasi ya kusema "bado sijui" bila mtu kushika kichwa.

Iwapo udaktari ungali mezani, kuna mlango wa kukagua mapema. Vyuo vingi vya udaktari Uingereza hutaka Kemia, na vingi huitaka Biolojia pamoja nayo, huku la tatu likiwa wazi zaidi. Kwa vyuo vya hapa nyumbani, Fizikia au Hisabati ina uzito katika hesabu za kuingia, na kila chuo kina masharti yake kwa wanafunzi wa A-Level. Usitegemee neno langu wala la jirani. Chagueni vyuo viwili au vitatu anavyoweza kuviomba, vya hapa na vya nje, mviandikie barua pepe mkieleza masomo haya matatu, na majibu myatunze. Kama mlango mmoja utafungwa, heri ajue leo akiwa na kalamu mkononi kuliko ajue akishapata matokeo.

Iko njia ambayo hujaitaja. Shule nyingine humruhusu mwanafunzi kuanza na masomo manne mwaka wa AS, kisha kuacha moja. Angekuwa na Biolojia, Kemia, Hisabati na Sanaa, na baada ya mwaka aamue kipi kiondoke, akijua kazi ya kila kimoja kwa jasho lake. Akiacha Sanaa baada ya AS bado ana cheti cha hatua hiyo. Akiacha Hisabati, vilevile. Njia hii inaonekana tamu kwa sababu haimuudhi mtu, na hapo ndipo inaponitia shaka kidogo. Masomo manne ni mzigo, karo inaweza kupanda, na mtoto anaweza kutawanyika akashuka kote kwa sababu tu wakubwa wake hawakutaka kuzungumza.

Nyingine ni kumwambia achukue Hisabati, na picha afanye nyumbani pamoja nawe. Kuna uzuri ndani yake. Huyo mtoto hajawahi kuona picha ikijitokeza polepole kwenye karatasi ndani ya beseni, na wewe unajua kuifanya itokee. Hakuna shule itakayomfundisha hilo kama babake. Ila jichunguze: je, ungekuwa unampa kitu, au ungekuwa unamkatalia kwa adabu? Bila tarehe ya mwisho wala mtu wa kusahihisha, mambo ya "tutafanya likizo" hufa, na yeye ana umri wa kuitambua hila hiyo.

Nije kwa shemeji. Pendekezo la mkeo nimelielewa, na tafadhali usimwone kama mpenda hila. Yeye yuko kati ya kaka na mume, na ikiwa patavunjika kitu, lawama itaanzia kwake. Labda ndiyo sababu leo anasema tia sahihi na kesho anasema umemwambukiza. Kaa naye muongee kuhusu woga huo peke yake, bila fomu kuwapo.

Lakini iangalie siri yenyewe itakavyoishi. Nani ataibeba? Si wewe wala si mkeo. Mjomba atapiga simu Jumapili aulize, "Hisabati inaendeleaje?" na simu atapewa binti. Atajibu nini? Kila muhula akitumiwa ripoti ya shule, mtaikata wapi? Na matokeo ya AS yakitoka, jina la somo limeandikwa hapo. Msichana wa miaka 16 atakuwa anasoma kwa pesa za mtu ambaye yeye mwenyewe anamdanganya, na kila alama nzuri atakayopata katika picha itakuwa alama asiyoweza kumwonyesha. Hiyo ndiyo bei ya kunyamaza, na anayeilipa hakuulizwa.

Kusema nako kuna bei. Shemeji anaweza kukasirika. Anaweza kusimamisha karo. Ni pesa zake, tena za zamu za usiku ugenini. Kwa hiyo kabla hamjampigia, wewe na mkeo jueni mtafanya nini akisema hapana. Je, binti yuko tayari kuchukua Hisabati na kuendelea? Je, mna uwezo wa kumhamishia shule nyingine? Mkiwa na jibu hilo mfukoni hamtampigia kama ombaomba. Kisha fikirini nani aseme. Mimi naona mpwa mwenyewe akizungumza, nawe ukiwa kando yake, atasikika tofauti na wewe ukimtetea. Amtumie ile picha. Amweleze kwa nini Biolojia na Kemia zimebaki. Amwambie ukweli kuhusu udaktari, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba bado hajui. Umeshaamua kichwani mwako kwamba shemeji atakataa, lakini katika barua yako sijaona kwamba aliwahi kuulizwa. Alitoa neno moja miaka iliyopita, nanyi mkalifanya sheria.

Kabla sijasahau, yule mvulana wa Pipeline. Kama picha yake itaingia katika kazi ya shule au mtandaoni, mama yake amepewa nafasi ya kukubali? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inagusa picha za watu, na za watoto zaidi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja hapa Nairobi faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Zamani ulimwomba mtu asimame, akalipa, akaondoka na picha yake, kwa hiyo ruhusa ilikuwa ndani ya biashara. Mfundishe binti yako namna ya kuomba ruhusa hiyo sasa ambapo anayepigwa picha hapati nakala. Mfundishe pia kutotembea peke yake mjini na kamera inayoning'inia. Haya unayajua kuliko mwalimu wake.

Nimeahidi kurudi pale ulipotoka nje. Binti yako alikuuliza kama ulijuta, na mpaka unaniandikia alikuwa hajapata jibu. Sijui jibu lako ni lipi, na huenda ni mawili kwa pamoja: kwamba ulipenda kazi ile, na kwamba ilikuumiza. Mpe yote. Mweleze zile taa za studio ulizoziuza, na mwaka uliouza. Mweleze pia ile furaha ya kusimama bafuni usiku ukisubiri sura ya bibi harusi ijitokeze. Akisikia hasara kutoka kwako ataipima kama mtu mzima; akiisoma kwenye ukimya wako ataidhania tu, na vijana wakidhania hutia chumvi. Hiyo picha iliyoinama nayo, kaeni chini muitazame tena, umwambie kila ulichokiona ndani yake, ukianza na kinachokupendeza. Kuinama kuje mwisho. Kama kweli imeinama.

Fomu ina tarehe yake, na sijaribu kukuambia uandike nini. Ila shule nyingi humruhusu mwanafunzi kubadilisha somo katika wiki za mwanzo wa muhula. Mkienda kuziona zile kazi za Sanaa, ulizeni wiki hizo huishia lini, na mpate jibu kwa maandishi.

Mshauri wako